Nembo Inapokwenda Mrama: Kutafuta Chanzo cha Kasoro kwa Gridi

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana nembo mbele yake, yenye alama upande mmoja na maandishi upande wa pili, naye anaona kwamba kuna kitu hakijatulia lakini hawezi kukitaja. Hapa Tanga kazi nyingi zinazofika mezani kwangu ni za namna hiyo. Mteja ameshachapisha kadi na kubandika stika kwenye bajaji, na sasa anataka bango la dukani. Bango likitoka, kasoro iliyokuwa imejificha ndani ya kadi ndogo inaonekana na kila apitaye. Mzee mmoja mwenye boti aliitazama nembo niliyomchorea kwa muda, akavua miwani, kisha akaniambia, "Mwanangu, chombo hiki kimepakia upande mmoja." Hakuwa na neno la kitaalamu, lakini aliona alichokiona, ilhali mimi nilikuwa nimepima kila kitu kwenye kompyuta na vipimo vilikuwa vikiniambia kwamba hakuna tatizo.

Nilipoirudia kazi ile niligundua jambo ambalo tangu hapo nimelikuta katika nembo nyingine nyingi: gridi niliyoitumia, yaani ule wavu wa miraba ya kupimia, nilikuwa nimeichukua kwenye programu kama ilivyokuja, haikutoka kwenye herufi zenyewe. Kasoro zinazoelezwa hapa chini zina sura tofauti, na baadhi zina vyanzo vya ziada, lakini nyingi huanzia hapo. Kwa hiyo, kabla ya kusogeza kitu chochote, chora gridi mpya juu ya nembo iliyopo, iache nembo kama ilivyo, kisha ndipo uanze kusoma dalili.

Gridi ya kuchunguzia

Aliyezoea Ngamiani hahitaji maelezo marefu kuhusu gridi, kwa kuwa eneo lile limekatwa kwa barabara zilizonyooka zenye namba, na mgeni akiambiwa barabara ya kumi na mbili hufika bila kuuliza mara ya pili. Gridi ya nembo nayo hukuwezesha kusema kitu kipo wapi na kimesogea kiasi gani, badala ya kusema tu kwamba kimekaa vibaya. Swali ni upana wa kila mraba utoke wapi. Tafuta herufi yenye mguu wa wima ulionyooka, kama N, T au I, upime unene wa mguu huo, na hicho kiwe kipimo chako cha msingi. Tuseme herufi kubwa za neno TANGA zina kimo cha milimita 35 na mguu wa N una unene wa milimita 5. Gridi yako itakuwa ya miraba ya milimita 5, na herufi zitasimama juu ya miraba 7 kamili. Mfano huu tutaendelea nao mpaka mwisho. Katika fonti nyingi kimo hakigawanyiki sawasawa namna hii. Basi anza kuhesabu kutoka mstari wa msingi, yaani ule ambao herufi zimekalia, na uache baki lijitokeze juu, kuliko kunyoosha herufi ili zitoshee miraba. Herufi iliyonyooshwa huwa na miguu ya unene mmoja na mikono ya unene mwingine, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili juu ya ule uliokuleta.

Chora gridi hiyo baada ya kugeuza maandishi kuwa mchoro, amri ambayo Illustrator, CorelDRAW na Inkscape zote zinayo, na utunze pembeni nakala ya maandishi yanayoweza kuhaririwa. Maandishi ambayo bado ni maandishi yanaweza kubeba kisanduku kisichoonekana, chenye nafasi iliyotengwa kwa ajili ya mstari unaofuata, na programu inapoambiwa iweke vitu katikati huweka kisanduku hicho katikati, wala haiangalii wino. Michoro yenye mistari minene ina mtego unaofanana na huo: Illustrator na Inkscape zina mpangilio wa kuchagua iwapo kipimo cha umbo kihesabu unene wa mstari wa pembeni au kiishie kwenye njia iliyo katikati yake. Angalia mpangilio huo kabla ya kuamini namba yoyote.

Alama ya duara inaonekana imesinyaa ingawa kimo ni kile kile

Chukua alama ya chungwa, ambayo wafanyabiashara wa Muheza huiomba mara kwa mara, iliyowekwa kati ya mstari wa juu na mstari wa msingi wa herufi, miraba 7 kwa 7. Gridi inasema sawa, jicho linasema ndogo. Chanzo ni umbo lenyewe. Duara hugusa mistari ya gridi kwa ncha moja tu juu na moja chini, wakati N hugusa kwa miguu mizima. Tena duara lenye kipenyo cha milimita 35 lina eneo la takriban milimita za mraba 962, ilhali mraba wenye upande huo huo una 1,225, kwa hiyo zaidi ya humusi moja imepotelea kwenye pembe.

Ukitaka maeneo yalingane, kipenyo kinapaswa kufika karibu milimita 39.5. Kwa macho yangu hicho huwa kimezidi, kwa sababu mtazamaji analinganisha kimo pia, si eneo peke yake. Mimi huanzia milimita 37, yaani milimita 1 juu ya mistari na 1 chini yake, kisha naongeza kidogo kidogo huku nikirudi nyuma kutazama. Waundaji wa fonti hufanya hivyo hivyo: kuza neno TANGA kwenye skrini uone jinsi G inavyovuka kidogo mistari ambayo N haivuki, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 3 ya kimo. Alama inafuata desturi ambayo herufi za mviringo zilikuwa nayo tangu mwanzo.

Mkonge una kasoro ya jamii hiyo hiyo, na ni mbaya zaidi. Mmea huo, ulioingizwa pwani hii mwaka 1893 na Richard Hindorf, huchorwa kwa majani yanayotawanyika kama miale, na msanifu huzungushia duara kwenye ncha za majani kisha akalilinganisha duara hilo na herufi. Ncha hizo ni nyembamba mno kuwa na uzito wowote. Zungushia duara la pili pale ambapo majani yanaanza kukonda kuliko nusu ya mraba, ulitumie hilo kama ukubwa halisi wa alama, na uache ncha zitokeze nje.

Alama haina ulazima wa kulingana kimo na herufi, na mara nyingi inapendeza ikizidi. Angalia tu kwamba ziada inagawanyika. Herufi zikiwa na miraba 7 na alama 11, kuna miraba 2 ya ziada juu na 2 chini. Alama ikiwa na 10, ziada ni mraba mmoja na nusu kila upande, na kingo zake huangukia katikati ya miraba bila kukutana na chochote.

Jina likibadilika, maandishi yanapanda au kushuka

Dalili hii humpata mwenye matawi. Duka lina alama moja, na pembeni jina la tawi huandikwa kwa herufi ndogo zikitanguliwa na moja kubwa: Tanga, Pangani, Korogwe, Muheza, Lushoto. Kila nembo imewekwa katikati kwa amri ya programu, kila moja peke yake inaonekana nzuri, lakini zikipangwa kwenye ukurasa mmoja wa kalenda, Muheza na Lushoto zimezama.

Tazama herufi g. Tanga, Pangani na Korogwe zina mkia unaoshuka chini ya mstari wa msingi, Muheza na Lushoto hazina. Katika mfano wetu, tuseme mkia unashuka milimita 10. Kisanduku cha neno Tanga kina kimo cha milimita 45, na katikati yake ni milimita 12.5 juu ya mstari wa msingi. Kisanduku cha Muheza kina milimita 35 tu, na katikati yake ni milimita 17.5 juu ya mstari huo. Ukilinganisha katikati ya visanduku na katikati ya alama, mstari wa msingi wa Muheza utakaa milimita 5 chini kuliko ule wa Tanga, yaani mraba mzima. Programu haikukosea, imetii ilichoambiwa. Kosa ni kuipa mkia mmoja wa herufi mamlaka ya kuhamisha neno zima.

Tiba ni kuacha kabisa amri ya kuweka katikati kwa upande wa wima, na badala yake kufunga mstari wa msingi kwenye mstari mmoja wa gridi, ule ule kwa matawi yote. Kisha amua mara moja tu mwili wa herufi ndogo ukae wapi ukilinganishwa na alama. Kwa mwili ninamaanisha kimo cha a, n, o, u bila mikia wala vichwa, ambao katika mfano huu tuseme ni milimita 25. Macho ya msomaji hupita ndani ya ukanda huo, kwa kuwa ndimo wino mwingi ulimo. Mimi hulinganisha katikati ya ukanda huo na katikati ya alama kama jina lina herufi ndogo nyingi, na hulinganisha katikati ya herufi kubwa na katikati ya alama kama jina lote ni herufi kubwa. Herufi kubwa ya mwanzo na vichwa vya h na t huonekana kutokeza juu, na mkia wa g kutokeza chini, na hilo halina ubaya.

Kuna wateja ambao wakiliona tatizo hili huomba majina yote yawe kwa herufi kubwa ili mikia ipotee. Ni jibu halali, ingawa linakuletea tatizo la nafasi ambalo nitalieleza mbele kidogo.

Ngalawa imo ndani ya duara, lakini inaonekana kuegemea upande

Katika mji ambao jina lake ni sawa na jina la kitambaa cha chombo, haishangazi kwamba tanga la ngalawa huombwa kuliko alama nyingine yoyote, na Bagamoyo nako ni hivyo hivyo. Tanga hilo ni pembetatu, na pembetatu ndiyo umbo linalohadaa gridi kuliko yote.

Kitovu cha uzito cha pembetatu yoyote kipo theluthi moja ya kimo kutoka kwenye kitako chake. Tanga lenye kimo cha milimita 60 lina kitovu milimita 20 kutoka chini, ilhali katikati ya kisanduku chake ni milimita 30. Programu ikiliweka katikati ya duara, uzito wote unakuwa milimita 10 chini ya kitovu cha duara, miraba 2 kamili, na kama upande wa mlingoti umesimama wima, uzito umeegemea upande huo pia kwa theluthi ile ile ya upana. Ukiongeza mwili wa ngalawa chini ya tanga, umeongeza farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, mahali ambapo tayari pana mzigo. Hapo ndipo mzee wangu aliposema chombo kimepakia upande mmoja.

Kukipata kitovu hakuhitaji hesabu. Chora mstari kutoka kila pembe ya tanga hadi katikati ya upande unaoikabili. Mistari hiyo mitatu hukutana mahali pamoja, na hapo ndipo kitovu. Kama pembetatu ina pande tatu sawa, weka kitovu hicho juu ya kitovu cha duara na kazi imekwisha, kwa sababu ncha zote tatu zitakuwa na umbali mmoja kutoka ukingoni. Kama ni tanga lenye upande mmoja mrefu na ncha kali, usihamishe kwa umbali wote, kwani ncha itasogelea mno ukingo wa duara. Mimi huenda karibu theluthi mbili ya njia na kusimama hapo, kisha nageuza nembo juu chini. Ikigeuzwa, jicho linasahau kwamba lile ni tanga na kuanza kuona uzito tupu.

Chunguza pia upande ambao mteremko wa tanga unatazama maandishi. Kama ncha ya chini ya tanga ndiyo iliyo karibu na herufi ya kwanza, pembeni juu yake panabaki pengo kubwa la pembetatu, na kama herufi hiyo ni A, ambayo nayo imelala upande wa pili, pengo linakuwa bonde. Hapo kupima nafasi kutoka kwenye ncha hadi kwenye herufi hukupa namba ndogo kwa nafasi inayoonekana kubwa. Pima kutoka katikati ya mteremko, kisha usogeze alama hadi nafasi hiyo ya katikati ikaribie kipimo ulichokusudia.

Jambo moja nje ya gridi: ukiweka bendera juu ya mlingoti, ipepee upande ule ule ambao tanga limejaa. Mvuvi huliona kosa hilo kabla hajasoma jina.

Alama na maandishi vinaonekana vimetoka nyumba mbili

Vipimo vyote vya nafasi ni sahihi, lakini alama ni nyepesi na herufi ni nzito, au kinyume chake. Linganisha unene wa mistari ya alama na kipimo chako cha msingi. Mistari ikiwa mraba 1, au nusu ya mraba, au miraba 2, huonekana imekusudiwa. Ikiwa milimita 4 pembeni ya herufi za milimita 5, huonekana kama kosa, kwa kuwa tofauti ni ndogo mno kuwa uamuzi na ni kubwa mno kutoonekana. Kumbuka pia kwamba mstari wa mlalo huonekana mnene kuliko wa wima wenye kipimo kile kile, kwa hiyo mlalo upunguzwe kidogo. Ukipima mkono wa T katika fonti nyingi utakuta mwembamba kuliko mguu wake.

Kama unene ulikuwa sawa jana na leo si sawa, uliza nani alibadilisha ukubwa. Programu zina mpangilio unaoamua iwapo unene wa mstari ukue na upungue pamoja na umbo. Mpangilio huo ukiwa umezimwa, alama iliyopunguzwa hadi nusu inabaki na mistari ya unene wa zamani na kuziba, huku herufi, ambazo zimeshageuzwa kuwa mchoro, zikipungua vizuri. Geuza mistari yote ya alama kuwa maumbo yaliyojazwa kabla ya kumkabidhi mtu yeyote faili, na ugonjwa huo hautarudi.

Neno lina mashimo

Herufi zikiwa kubwa zote, msanifu anayeamini gridi kupita kiasi huweka umbali mmoja kati ya kila herufi na inayofuata, tuseme mraba 1, na neno linatoka kama meno yenye mapengo. Katika TANGA, chini ya mkono wa T kuna nafasi tupu inayokutana na mteremko wa A. Kati ya A na N kuna pembetatu tupu juu. N na G hukaribiana vizuri. Kisha G na A hufungua tena. BAGAMOYO ni ngumu zaidi, kwa sababu M ina miguu miwili mizito inayosimama kama ukuta katikati, na baada yake OYO hulegea, kwa kuwa Y imebanwa chini na wazi juu kati ya herufi mbili za mviringo.

Kinachotakiwa kulingana ni ujazo wa nafasi, wala si umbali wa ncha kwa ncha. Fikiria muuza mchele mwenye vyombo vya maumbo mbalimbali, kimoja kipana na kifupi, kingine chembamba na kirefu, na kila kimoja kinapaswa kubeba kibaba kimoja. Kila nafasi kati ya herufi mbili ni chombo kama hicho. Anza na jozi ambayo huwezi kuibana zaidi, kwa kawaida miguu miwili iliyosimama au mguu na duara. Katika TANGA hiyo ni NG. Ipe nafasi yake, iwe ndiyo kibaba, kisha ubane TA, AN na GA mpaka zifanane nayo. A inaweza kuingia chini ya mkono wa T bila hofu. Katika BAGAMOYO anzia MO, na usishangae ukilazimika kuziachanisha kidogo herufi nyingine zote, kwa kuwa OYO ina mahali inapofika haibaniki tena.

Ficha neno kwa karatasi mbili ili ubaki na herufi tatu tu, uamue kama ile ya katikati imekaa katikati kweli, kisha usogeze karatasi kwa herufi moja na kurudia. Ni kazi ya dakika kumi. Sijawahi kuona programu inayoifanya kwa jina la dukani kwa namna ya kuniridhisha.

Fanya marekebisho haya kabla ya kupima uhusiano wa neno na alama, kwa sababu TANGA iliyobanwa vizuri ni fupi kuliko ile ya mwanzo, na alama iliyokuwa imelingana nayo itaonekana imekua.

Alama inaelea mbali, au inagandamiza herufi ya kwanza

Nafasi kati ya alama na maandishi iwe kubwa kuliko nafasi yoyote iliyo ndani ya maandishi, ikiwemo ile kati ya neno na neno, na iwe ndogo kuliko upana wa alama. Katika mfano wetu miraba 2 hadi 3 hutosha. Alama ikiwa juu na maandishi chini, punguza kidogo. Nembo ikiwa na mstari wa tatu wenye "Wauzaji wa jumla na rejareja", sanduku la posta na namba ya simu, hakuna gridi itakayokuokoa. Yaondoe maneno hayo, yaweke kwenye kadi yanapostahili.

Herufi za Kiarabu zimo

Pwani yetu ina madrasa, misikiti na maduka yanayoandika jina kwa hati mbili. Herufi za Kiarabu zikitokea zimeachana na zimeanza kushoto, tatizo si mizani: programu haijawekwa kwa hati inayotoka kulia, na unapaswa kubadilisha mpangilio huo, au kuandika katika programu inayoumudu kisha kuleta mchoro.

Kasoro ya mizani ni pale ambapo msanifu amelinganisha alif na herufi kubwa za Kilatini, na maneno ya Kiarabu yakatoka kama mnong'ono. Alif ni ndefu, lakini mwili wa herufi nyingi za Kiarabu upo chini sana ukilinganishwa nayo, na nyingine kama jim, ain na nun hushuka chini ya mstari. Kuza maandishi ya Kiarabu hadi mwili wake uwe na uzito wa maandishi ya Kilatini, na uache alif ivuke mstari wa juu. Kipimo cha msingi kichukuliwe upya kutoka kwenye kalamu ya hati hiyo. Waandishi wa khati wana kipimo chao tangu zamani: Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, anahesabiwa kuwa mwasisi wa utaratibu wa kupima herufi kwa nukta inayoachwa na ncha ya kalamu, na kimo cha alif huhesabiwa kwa idadi ya nukta hizo. Ukipima nukta ya hati uliyoitumia na mguu wa N ya Kilatini, ukavikaribisha, hati mbili huanza kuonekana jirani.

Alama iliyowekwa kushoto ni mwanzo kwa anayesoma Kilatini na ni mwisho kwa anayesoma Kiarabu. Nimezoea kuiweka juu katikati, au kati ya hati mbili, ili isiwe mkia kwa yeyote.

Kwenye kompyuta ni sawa, nje si sawa

Kwenye simu, picha ya wasifu wa WhatsApp hukatwa kwa duara, na mraba mkubwa kabisa unaoweza kuingia ndani ya duara una upande wa asilimia 70.7 tu ya kipenyo. Nembo ndefu ya mlalo ikiingizwa humo hubaki mstari usiosomeka. Tumia alama peke yake, ukiwa umeiweka kwa kitovu cha uzito kama ilivyoelezwa kwa ngalawa.

Herufi nyeupe juu ya rangi nzito huonekana nene kuliko nyeusi juu ya nyeupe, kwa hiyo toleo hilo lipunguzwe unene kidogo, alama na herufi kwa kiasi kimoja. Isipokuwa ukichapisha: wino wa pembeni hutambaa ndani ya nyeupe na kuipunguza wenyewe, na ukipunguza tena umepunguza mara mbili. Kwenye muhuri wino hutambaa kinyume chake na kuziba tundu la A, hivyo tundu hilo lifunguliwe. Kwenye flana ya kudarizi, mstari ulio chini ya milimita 1 na herufi zilizo chini ya milimita 5 humtesa fundi. Ncha za mkonge zikatwe butu kabla ya kumpelekea.

Ukutani gridi inarudi kwenye kazi yake ya zamani. Fundi wa mabango akipewa karatasi yenye miraba ya milimita 5 hupiga miraba ya sentimita 10 ukutani kwa uzi wenye chaki, na nembo inakua mara 20, herufi za milimita 35 zikawa za sentimita 70. Akikwambia bango limepinda ingawa pimamaji inasema limenyooka, tazama ukingo wa bati juu yake. Nyumba nyingi za zamani zina ukingo ulioshuka upande mmoja, na mstari ulionyooka kabisa chini ya ukingo uliopinda huonekana ndio uliopinda. Piga mstari wa msingi katikati ya hali hizo mbili, nusu ukifuata pimamaji na nusu ukifuata bati, na mwenye duka akipinga mwombe avuke barabara atazame kutoka upande wa pili kabla rangi haijakorogwa.